Maswali ya wasomaji: riwaya ya kuchekesha isiyoishia msibani

Barua za safari hii zote zimezunguka jambo moja: riwaya za vijana za maisha ya leo, zenye kuchekesha, zisizomwachia msomaji mzigo moyoni. Swali la kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

Mhariri, salaam. Kila nikichukua riwaya ya vijana iliyosifiwa kwenye jalada kuwa inachekesha, nikifika robo ya mwisho mtu anakufa, au mzazi anaugua, au urafiki unavunjika vibaya kabisa. Sina ugomvi na vitabu vya huzuni, ila sicho nilichoomba. Nitajuaje mapema?
*Nimechoka Kulia*

Hujadanganywa, ila umepewa jibu la swali ambalo hukuuliza. Kuchekesha ni namna ya kusimulia. Wepesi ni yale yanayowapata wahusika. Kitabu kinaweza kuwa na kimoja bila kingine, na kwenye riwaya za vijana hilo ni jambo la kawaida sana. *Me and Earl and the Dying Girl* cha Jesse Andrews (2012) kinavunja mbavu karibu kila sura, na ndani yake kuna msichana mwenye saratani ya damu. Angalau hicho jina lenyewe limekuonya, vingi havionyi. Mchapishaji anayeandika "utacheka sana" anaisifu sauti ya msimulizi. Kuhusu mwisho hajakuahidi kitu.

Kwa hiyo kagua vitu viwili, kila kimoja peke yake. Kicheko utakipima kwa kusoma kurasa chache, na hilo tumelieleza kwenye barua ya tatu. Wepesi hauonekani kwenye kurasa za mwanzo. Unatafutwa kwa njia hizi.

Anza na sentensi ya mwisho ya maelezo ya jalada la nyuma, maana ndiyo inayotaja mhusika atapoteza nini mambo yakiharibika. Kama ataumbuka, atakosa nafasi kwenye mashindano au mpenzi wa uongo atageuka wa kweli, uko salama. Kama ni "kukabiliana na yaliyopita", "kujifunza kusamehe" au "siri iliyoisambaratisha familia", kuna jeneza mahali. Kwenye vitabu vya Kiingereza maneno ya kuogopa ni "heartbreaking", "poignant" na "bittersweet", hasa yakifuatana na "hilarious". Wawili hao wakitembea pamoja, yule wa huzuni ndiye anayefunga mlango.

Halafu fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wa maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma. Vitabu vingi vilivyochapishwa Marekani vina pale orodha ya mada iliyoandaliwa kwa ajili ya wakutubi. Ukiona "Humorous stories" pamoja na "Dating" au "High schools", endelea. Ukiona "Grief" au "Death", umeshajibiwa, hata kama jalada lina rangi ya waridi na michoro ya moyo. Kama orodha haikuchapishwa kitabuni, katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iko wazi bure kwenye intaneti. Andika jina la kitabu, soma sehemu ya mada. Mkutubi hauzi kitabu, kwa hiyo hana sababu ya kukipamba.

Njia ya mwisho ni ya kijasusi kidogo. Vitabu vingi vilivyomo Google Books vinaruhusu kutafuta neno ndani ya kitabu, hata kama huwezi kukisoma chote. Tafuta "funeral", "hospital", "ambulance". Matokeo yakija na namba za kurasa, angalia yanaangukia wapi. Neno moja kwenye sura ya kwanza mara nyingi ni habari ya zamani. Maneno manane yaliyorundikana baada ya robo tatu ya kitabu ni habari mbaya. Ila soma sentensi yenyewe kabla ya kukitupa kitabu. Yawezekana mazishi ni ya samaki wa mapambo, na hiyo ndiyo sura inayochekesha kuliko zote.

Usitishwe pia na kifo kilichotokea kabla ya hadithi kuanza. Riwaya nyepesi za vijana zimejaa wazazi waliofariki zamani. Katika *To All the Boys I've Loved Before* cha Jenny Han (2014), mama wa Lara Jean amekwisha kufariki miaka kadhaa nyuma, na bado kitabu ni chepesi mwanzo hadi mwisho, kwa sababu tatizo la hadithi ni barua za mapenzi zilizotumwa kwa wavulana ambao hawakutakiwa kuziona kamwe. Linaloamua uzito ni wakati kifo kinapotokea.

Na jina la mwandishi si dhamana. John Green aliandika *An Abundance of Katherines* (2006), komedi ya kijana mwenye akili nyingi aliyeachwa na wasichana kumi na tisa, wote wakiitwa Katherine, akaamua kutengeneza fomyula ya hesabu ya kutabiri nani atamwacha nani. Mwandishi huyohuyo ndiye aliyeandika *The Fault in Our Stars* (2012), kisa cha vijana wenye saratani. Aliyemaliza cha kwanza akicheka na kukimbilia cha pili anajua yaliyompata.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nikitafuta vitabu vya kuchekesha kwenye intaneti naletewa vya watoto wadogo au vya watu wazima. Vya umri wangu viko wapi?
*Mwanafunzi wa Benchi la Nyuma*

Marahaba. Vipo, ila havina rafu yake. Duka la vitabu huweka riwaya za vijana kwa fantasia, mapenzi na mambo ya kutisha. Vya kuchekesha vimetawanyika humo ndani, vingi vikiwa kwenye mapenzi. Hata tuzo hazisaidii sana. Tuzo ya Roald Dahl Funny Prize ya Uingereza, iliyotolewa kuanzia 2008 hadi 2013, iliishia kwenye vitabu vya wasomaji wa miaka 14. Ile kubwa ya riwaya za vijana Marekani, Printz, inayotolewa tangu 2000, kwa kawaida huangukia vitabu vizito. Komedi zikibahatika hupewa heshima ya pembeni, kama *Angus, Thongs and Full-Frontal Snogging* mwaka 2001. Usitafute kwa kufuata medali.

Tumia StoryGraph. Ni huduma ya kuweka kumbukumbu za usomaji, na unaweza kuitumia bila kulipa. Kwenye sehemu ya kuvinjari weka vichujio hivi kwa pamoja: aina "young adult" na "contemporary", hisia "funny" na "lighthearted", na kama unataka, idadi ya kurasa. Kuweka hisia zote mbili ndiyo siri. Ukiweka "funny" peke yake utarudi kwenye tatizo la msomaji wa kwanza. Ukifungua ukurasa wa kitabu utaona hisia zimepangwa kwa asilimia kutokana na kura za wasomaji. Tunapenda kuona "lighthearted" kwenye nafasi tatu za juu. Kama "emotional" imeipita kwa mbali, vuta pumzi kwanza. Chini yake kuna maonyo ya maudhui, yaliyogawanywa kwa uzito: mazito, ya kati, na yaliyogusiwa tu. Kinachoharibu mfumo huu ni uchache wa wapigakura. Kitabu kilichopimwa na watu sita kinaweza kuonyesha chochote, kwa hiyo subiri angalau makumi kadhaa.

Kama maktaba yako imeunganishwa na Libby, programu ya kuazima vitabu vya kidijitali, chuja kwa "Young Adult Fiction" na "Humor (Fiction)" kwa pamoja. Humo unaweza kusoma sampuli kabla ya kuazima.

Kwenye maoni ya wasomaji, ruka nyota tano na nyota moja. Nenda kwenye nyota tatu. Mwenye nyota tano atakwambia amekufa kwa kicheko bila kusema kwa nini. Mwenye nyota tatu hulalamika kwa undani: "mhusika anajiaibisha kupita kiasi", "hakuna kinachotokea", "utani wa kitoto". Wewe unayependa mhusika anayejiaibisha, malalamiko hayo ndiyo mapendekezo yako.

Kuna njia ya kupima haraka kama kitabu kitanichekesha MIMI? Rafiki zangu wote walicheka kwa kitabu fulani, mimi nilibaki nimenuna.
*Uso wa Mbao*

Ipo, na inachukua kama dakika kumi. Soma kurasa tano za mwanzo, kisha ruka hadi katikati ya kitabu usome tano nyingine. Usiishie mwanzo. Sura ya kwanza ndiyo mwandishi aliyoifuta na kuiandika upya mara nyingi kuliko zote, maana ndiyo iliyompatia mchapishaji. Utani unaoonyesha umahiri wake halisi ni ule wa katikati, pale ambapo hadithi inabidi isonge na hakuna anayemtazama.

Ukiwa kwenye kurasa hizo, angalia nani anacheka. Linganisha mistari hii miwili, tuliyoitunga wenyewe:

"Nilianguka mbele ya darasa zima. Ilikuwa vituko! Kila mtu alicheka hadi akashika tumbo."

"Nilipoanguka mbele ya darasa zima, niliamua kujifanya nilikuwa nakagua sakafu. Niliikagua vizuri. Baada ya muda mwalimu akauliza kama nimepata nilichokuwa natafuta, nikasema bado."

Wa kwanza umekuarifu kuwa jambo lilichekesha. Wa pili haujataja kicheko hata kidogo; umemwonyesha mtu anayeng'ang'ania uongo mdogo mpaka unageuka mkubwa. Riwaya ambayo wahusika wake wanachekana wao kwa wao kila ukurasa, huku wewe umekaa kimya, haitabadilika ukifika ukurasa wa 200.

Dalili nyingine mbaya: wahusika wote wana ulimi mkali uleule. Msichana, kaka yake, mwalimu na bibi wa jirani wote wanajibu kwa kejeli iliyonolewa. Funika majina kwenye mazungumzo ya ukurasa mmoja, usome maneno tu. Kama huwezi kutambua nani anasema nini, utachoka kabla ya nusu.

Kuhusu kununa, si ugonjwa. Utani una aina zake na kila mtu ana zinazompata. Tafadhali soma jibu linalofuata.

Nipeni majina tu. Maelezo nitajisomea baadaye.
*Mwenye Haraka*

Majina bila maelezo ndiyo yaliyomnunisha msomaji aliyetangulia, kwa hiyo tunakupa vyote kwa mkupuo.

Kama unachekeshwa na mtu asiyejijua, tafuta shajara. Mhusika anaandika jambo kwa uzito wote, na msomaji anaona asichokiona yeye. Babu wa aina hii ni *The Secret Diary of Adrian Mole, Aged 13¾* cha Sue Townsend (1982): mvulana anayejihesabu msomi mkubwa, anayewatumia BBC mashairi yake, na ambaye chunusi inampa wasiwasi kuliko ndoa ya wazazi wake inayobomoka mbele ya macho yake. Louise Rennison naye alitoa *Angus, Thongs and Full-Frontal Snogging* mwaka 1999, cha kwanza kati ya vitabu kumi vya Georgia Nicolson, msichana aliyewahi kwenda kwenye sherehe akiwa amevaa kama tunda la zeituni lililojazwa, na aliyejinyoa nyusi akidhani anazipunguza. Ni utani wa aibu tupu. *The Princess Diaries* cha Meg Cabot (2000) ni mpole zaidi: orodha nyingi, wasiwasi mwingi, na bibi mkali kuliko wote.

Kama kinachokuchekesha ni watu wawili wanaogombana huku kila mtu anajua wanapendana, nenda kwenye komedi za mapenzi. *When Dimple Met Rishi* cha Sandhya Menon (2017) kinaanza na wazazi waliopanga mambo nyuma ya pazia: kijana anamfuata msichana akijitambulisha kama mume wake mtarajiwa, naye msichana, ambaye hajaambiwa lolote, anammwagia kahawa ya baridi. *To All the Boys* tuliokwisha kuutaja unakaa kundi hili, ingawa unatabasamisha zaidi ya unavyochekesha. Tunausifu kwa wepesi, si kwa vicheko.

Kama unapenda mhusika anayejua kila kitu isipokuwa kuishi na watu, jaribu *Geek Girl* cha Holly Smale (2013). Harriet Manners amejaa takwimu na habari za kisayansi, anazitema wakati usiofaa kabisa, na bila kutarajia anaingia kwenye uanamitindo. *An Abundance of Katherines* ni wa kundi hilihili, pamoja na tanbihi zake za chini ya ukurasa ambazo ni nusu ya kicheko, usiziruke.

Ukimaliza kimoja ukakipenda, usitafute kingine chenye kisa kinachofanana. Hapo ndipo wengi hupotea: umependa *The Princess Diaries*, unaletewa binti wa mfalme mwingine, naye hana mzaha hata chembe. Jiulize ulichekea nini hasa, shajara, aibu au majibizano, utafute hicho.

Mhariri, binti yangu ana miaka 12 na anataka riwaya za mapenzi zenye majalada ya katuni. Ninaziona nzuri, ila moja niliyoifungua ilinifanya niifunge haraka. Nichague vipi?
*Mama Mwenye Macho Mawili*

Mama, umenaswa na mtego wa majalada. Katika miaka ya karibuni riwaya za mapenzi za watu wazima zimehamia kwenye majalada yaleyale ya katuni na rangi angavu yanayotumika kwa vijana. Ukiziweka kando kwa kando huwezi kuzitofautisha, na wauza vitabu nao huzichanganya kwenye meza moja.

Tazama mambo mawili. Kwanza umri wa mhusika mkuu: kwenye riwaya za vijana huwa kati ya 14 na 18 na kwa kawaida yuko shuleni. Akiwa na kazi, nyumba yake na aliyekuwa mchumba, hicho ni cha wakubwa. Pili, kipande kidogo cha maandishi jaladani au kwenye ukurasa wa hakimiliki kinachosema "Ages 12 and up" au "14 and up". Tofauti ya hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana: ya pili inaweza kuwa na matusi, pombe na mambo ya chumbani yaliyogusiwa au zaidi. Common Sense Media, tovuti inayowasaidia wazazi kuchagua, hutoa umri unaopendekezwa na kutenganisha lugha, mapenzi na ulevi, kila kimoja na kipimo chake, kwa hiyo unaweza kuamua wewe linalokukera.

Kwa miaka 12 anza na *Geek Girl* au *The Princess Diaries*. Georgia Nicolson asubiri kidogo. Anazungumzia kubusiana karibu muda wote.

Nilimsomea mdogo wangu riwaya ya kuchekesha niliyoipenda zamani, akasema ina matusi kwa watu wanene na haina maana. Ni yeye au ni kitabu?
*Kaka Mkubwa*

Ni kitabu, na umri wake. Utani wa vijana huchacha haraka kuliko aina nyingine, kwa kuwa umejengwa juu ya simu, misimu na watu mashuhuri wa mwaka uleule. Vilivyoandikwa kabla ya 2005 au hapo vina pia mizaha ya maumbo ya watu na ya wavulana wapole ambayo leo inakera. Aibu haichachi: kunyoa nyusi kimakosa kunachekesha sasa kama kulivyochekesha 1999. Ukitaka kumrudisha mdogo wako, mpe kilichotoka miaka kumi ya karibuni kwanza, vya zamani avisome baadaye akijua anaingia enzi nyingine.

Vitabu vya kusikiliza vinafaa kwa komedi, au ni bora karatasi?
*Masikio Wazi*

Vinafaa sana, ila inategemea anayekisoma kwa sauti. Riwaya ya kawaida ya aina hii ina maneno kati ya 60,000 na 80,000; kwa karatasi ni kama saa tano, kwa kusikiliza ni saa saba hadi tisa. Sikiliza sampuli, na utege sikio kwenye mazungumzo ya mtu mzima. Wasomaji wengi wa sauti hupatia sauti ya kijana, wakampa kila mzazi na mwalimu sauti moja ya bata, na utani wote wa nyumbani ukafa hapo. Shajara na masimulizi ya nafsi ya kwanza hunoga zaidi kwa sauti. Vitabu vyenye orodha, ujumbe wa simu na tanbihi hupoteza mengi, kwa kuwa kicheko kiko kwenye jinsi ukurasa ulivyopangwa.

Na rudisha kasi kwenye 1. Wengi husikiliza kwa 1.5 kama wanavyosikiliza habari, halafu wanasema kitabu hakichekeshi. Kituo kifupi kabla ya neno la mwisho ndicho kinachobeba utani, na hicho ndicho cha kwanza kumezwa ukiongeza kasi.